Damu ya Mama Mkwe

"Hafai," alisema nesi, akaisukuma kadi juu ya meza kumrudishia mwenyewe.

Mama mdogo aliitazama ile kadi, akamtazama nesi, kisha akageuza shingo kumtafuta Daktari, mtoto wa marehemu dada yake, aliyesimama nyuma ya kiti akiwa bado na koti lake jeupe la maabara.

"Sifai nini?" aliuliza. "Kupikwa?"

Nesi hakucheka. Alikuwa binti mwenye haya, na kazi ya kuwarudisha watu mlangoni ilikuwa imeshamkondesha uso. "Mama, nisamehe. Si mimi. Ni masharti ya jaribio la dawa. Mwenye virusi vya Ukimwi haingii. Hata kama anameza dawa zake, hata kama virusi havionekani tena kwenye kipimo. Imeandikwa hivyo, mimi nasoma tu."

"Lakini saratani yangu mmeiona."

"Tumeiona, mama."

"Na dawa za kawaida zimeshindwa, hilo nalo mmeliona."

"Tumeliona."

"Basi hiyo dawa yenu mpya mnamwekea nani? Mzima?"

Daktari hakutia neno. Waliomjua wangeanza kusogea, maana mwanamke huyu akinyamaza ujue maji yanachemka. Kule maabara vijana walimwita Pilipili, mbele yake na nyuma yake, naye hakuwahi kuwakataza. Alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili, ofisi yake ilikuwa jengo la pili tu kutoka hapo, na jaribio lile lile lililomkataa mama yake mdogo ndilo lililokuwa likimlipa mshahara.

Walipotoka kwenye korido, mama mdogo alisimama kidogo kushika ukuta na kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha saratani ya mapafu, na yeye katika maisha yake hakuwahi kuvuta sigara hata ya mzaha.

"Kwani wewe hukuyajua hayo masharti?" aliuliza alipopata pumzi.

"Niliyajua. Nimeyapigia kelele tangu siku ya kwanza. Waliniahidi wataufuta huo mstari."

"Waliahidi." Mama mdogo aliweka kadi kwenye mkoba. "Na wewe na usomi wako wote ukaamini ahadi. Twende nyumbani, nina viti vya kuosha."

Hebu tuelewane hapa, maana bila kuelewa hili mtu atadhani Daktari alikasirika kwa sababu ya undugu tu. Alianza kazi akiwa msichana mwembamba asiye na hata hadubini ya kwake, akichunguza damu ya watu wenye virusi. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanachoka? Wapo, wanaonekana, wana silaha, lakini wamekaa tu kama walinzi waliosinzia getini. Yeye na wenzake wakaja kugundua kwamba askari waliochoka wamefungwa breki. Ukiifungua breki, wanaamka. Miaka ikapita, wakagundua kwamba saratani nayo inatumia breki ile ile. Inawafunga askari, kisha inakula mwili kwa raha zake. Ndipo ikatengenezwa dawa ya kufungua breki kwa wagonjwa wa saratani, na Daktari akahamia huko na maarifa yake yote.

Yaani walichojifunza kwenye damu ya wenye virusi ndicho kilichowafikisha kwenye dawa. Halafu dawa ilipowadia, wakaandika mlangoni: mwenye virusi asiingie. Mtu akujengee nyumba, akubebee tofali kwa tofali, siku ya kuhamia umwambie alale nje! Ukimweleza Daktari habari hiyo kwa upole alikuwa anaweza kukurushia kikombe.

Na bado hujasikia lililo kubwa zaidi.

Katika maabara ile hakuna kazi iliyoanza bila Mama Mkwe. Ndivyo walivyoiita, Mama Mkwe, na ilikuwa chupa ndogo ya plastiki yenye ukubwa wa kidole, iliyojaa chembe nyeupe za damu ya mtu mmoja, zilizogandishwa ndani ya tangi la nitrojeni. Kila siku ya kupima damu za wagonjwa, chupa moja ya Mama Mkwe hutolewa, huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, na kupimwa pamoja nao. Mtu ni yule yule, siku zote. Wanamtia dawa na kutazama kama askari wake wanaamka kwa kiasi kinachojulikana. Wakiamka, basi majibu ya siku hiyo yanaaminika. Wasipoamka, kuna kitu kimeharibika, na kazi yote ya siku inakwenda kwenye pipa la taka, hata kama ya wagonjwa imependeza namna gani.

Ndiyo asili ya jina. Nyumba nzima inamsubiri yeye aridhike. "Mama Mkwe kaamkaje leo?" wanaulizana asubuhi. "Kanuna." Basi wote wanashika vichwa. Mfanyakazi mpya anapelekwa kwanza kwenye tangi kumsalimia Mama Mkwe, na asipotoa shikamoo anacheleweshewa glavu.

Sasa, mwenye damu hiyo ni nani? Ni mama mdogo.

Alianza kuitoa zamani, maabara ikiwa vyumba viwili na inachunguza virusi tu. Walihitaji mtu akae saa nyingi kwenye mashine inayochuja damu, inachukua chembe nyeupe na kumrudishia damu iliyobaki mwilini. Watu waliogopa. Mama mdogo, ambaye hali yake hakumficha mtu, alikwenda kwa miguu yake akauliza mashine iko wapi. Na kila mwaka alirudi. Alikaa pale amenyoosha mikono yote miwili, akiwagombeza manesi kwa kuweka redio chini mno. Kwenye chupa paliandikwa namba tu, jina halikuwekwa. Daktari alijua kwa sababu mwenyewe alimwambia, tena kwa majigambo.

*

Alasiri ile ile kulikuwa na kikao cha jaribio. Chumba kilikuwa cha baridi kama jokofu, meza ndefu, chupa za maji zimepangwa kwa mstari, na ukutani mwanga wa grafu. Mwenyekiti alikuwa Profesa, mkuu wa utafiti, mtu mpole wa sauti aliyependa kuvaa miwani kwenye paji la uso na kumwita kila mtu "mwenzangu", hasa yule anayetaka kumnyima kitu.

Daktari hakungoja ajenda. "Leo tumemrudisha mgonjwa mwingine," alisema. "Nataka kujua mstari ule unafutwa lini."

Profesa alitabasamu. "Mwenzangu, tumelizungumza hili. Si kwamba hatuna huruma. Ila sayansi ni ushahidi. Hatuna ushahidi kwamba chembe za watu hawa zinaitikia dawa yetu."

"Watu hawa."

"Wenye virusi. Askari wao wamechoka mno. Tukiwaingiza watatuvurugia matokeo."

Daktari aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye grafu. Kivuli cha mkono wake kikafunika nusu ya wagonjwa. "Mstari huu wa juu kabisa, unaong'aa, ni wa nani?"

"Unajua. Ni Mama Mkwe."

"Anaitikia dawa?"

"Vizuri sana." Profesa alicheka kidogo, akawatazama wengine wacheke naye. "Mtu mzima, mwenye afya. Ndiyo maana tunamtumia kulinganisha."

"Nani kakwambia ana afya?"

Mtakwimu, kijana aliyekuwa akichezea kalamu, aliacha kuichezea. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, na polepole akaanza kuelewa jambo lililomtisha kuliko hata ukatili wao. Alidhani wanajua! Siku zote alidhani wanajua na wanafanya kusudi. Kumbe hawakujua kitu.

"Mama Mkwe ana virusi," alisema. "Anavyo tangu kabla baadhi yenu hamjamaliza shule. Niliandika mwenyewe kwenye makala yetu ya kwanza kabisa, kwa Kiswahili fasaha na kwa kila lugha mnayoitaka. Mchangiaji anaishi na virusi, anatumia dawa. Mlisoma?"

Hakuna aliyesoma. Makala ya pili ilisema vipimo vilifanywa kama ilivyoelezwa awali. Ya tatu ikasema hivyo hivyo. Ya nne ikaitaja ya tatu. Kosa hilo hulifanya wasomi peke yao: kila mmoja ananyooshea kidole kwa aliyemtangulia, na hakuna anayegeuka kutazama kidole kinaelekea wapi. Kwa kuwa ni wa kulinganishia, basi lazima awe mzima. Walijiambia hivyo wakaendelea na safari.

Profesa alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Daktari alisubiri. Alijawa furaha, kwa sababu alijua wamenaswa. Ushahidi walioulilia ulikuwa juu ya kila grafu waliyowahi kuchora. Dawa ilimwamsha mwenye virusi kila siku waliyofanya kazi, na siku isipomwamsha walitupa kazi yao kwenye pipa. Mtu atasema nini tena?

"Hili ni janga," alisema Profesa. "Data zetu zote zimechafuka."

"Zimefanya nini?"

"Lazima tumbadilishe. Tutafute mchangiaji mwenye afya, tumpime sambamba na huyu wa zamani kwa muda, tulinganishe, halafu huyu tumwondoe. Wafadhili wasije wakasikia kabla hatujasawazisha."

"Na ule mstari?"

"Mstari gani?"

"Mstari wa kuwafukuza watu! Dawa imemwamsha mtu mwenye virusi mbele ya macho yenu, kwenye mikono yenu, na mnachokiona ni kwamba yeye ndiye uchafu? Mna akili timamu nyie? Mlikuwa mnamwamkia shikamoo!"

"Mwenzangu, tusiongozwe na hisia."

"Hisia ni zako wewe! Mimi nakuonyesha grafu!"

Profesa alikuwa mpole, lakini mjinga hakuwa. "Unamjua huyu mchangiaji?"

Hapo angenyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini Pilipili ni Pilipili. "Ni mama yangu mdogo. Na leo asubuhi mmemwambia hafai."

"Aa." Profesa alirudisha miwani kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Basi una maslahi binafsi katika suala hili. Nitaomba utupishe."

Alitoka. Aliubamiza mlango kwa nguvu zake zote, lakini ulikuwa ule mlango wenye mkono wa chuma juu unaoufunga polepole, ukamnyima hata hiyo haki.

*

Mama mdogo alikuwa mkodishaji wa mahema na viti vya shughuli. Ua wake ulijaa viti vya plastiki vilivyopandana hadi usawa wa paa, na mahema yaliyokunjwa yakinuka jua na vumbi. Daktari alimkuta ameketi, mpira wa maji mkononi, anaviosha viti kama watoto wakorofi.

"Tazama hiki," alisema. "Mtu kazimia sigara kwenye kiti cha watu. Kwao hakuna ukuta?"

"Mama mdogo, nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

Daktari alimweleza yote, akitembea huku na huko katikati ya viti, akirudia maneno ya Profesa kwa kumwigiza sauti. Alipofika kwenye kumtaja kwa undugu, alisita. "Nimekutangaza, nisamehe. Sikuwa na haki hiyo."

"Ah, mimi nilishajitangaza sokoni kabla hujaota meno ya utu uzima. Endelea. Kwa hiyo wanataka kunitoa."

"Wanataka kukutoa."

"Niwe Mama Mkwe miaka yote, halafu nitolewe kwa ajili ya kitoto chenye afya." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Daktari alimshika mgongo. Chini ya kiganja alihisi mifupa ambayo mwezi uliopita haikuwepo.

"Na ile damu iliyomo ndani ya tangi?" aliuliza mama mdogo alipotulia.

"Wanaihitaji bado. Hawawezi kumweka mwingine hivi hivi. Lazima wawapime wawili kwa pamoja kwanza, la sivyo kazi ya nyuma yote haisomeki. Ni sawa na kubadilisha mizani katikati ya biashara."

Mama mdogo alifunga maji. "Yule nesi wa zamani, siku ya kwanza, si aliniambia naweza kuacha saa yoyote, bila kumweleza mtu sababu?"

"Ndiyo. Ni haki yako."

"Kuacha kutoa? Au hata ile niliyokwisha kutoa?"

Daktari alimtazama. Akavuta kiti chenye maji akakikalia hivyo hivyo. "Hata uliyokwisha kutoa. Ukisema basi, hawaigusi tena. Inateketezwa."

"Yote?"

"Yote."

"Unajua mteja akinizungusha malipo mimi hufanya nini?" alisema mama mdogo. "Nakwenda kufungua hema langu wageni wakiwa ndani. Nimewahi. Tena mvua ilikuwa inanyesha, na bwana harusi ana suti nyeupe."

"Mama mdogo, sikiliza. Si kazi yao peke yao. Ni yangu pia. Kila nilichokifanya tangu nimalize chuo kimefungwa kwenye damu hiyo. Ukiiteketeza, mimi sina kitu. Maisha yangu yote yamo ndani ya lile tangi."

"Na yangu yamo ndani ya hili pafu."

Hakuyasema kwa ukali. Daktari aliinamisha kichwa, maana alijionea haya, na aibu ikageuka tena kuwa hasira, ambayo kwake ndiyo ilikuwa nyumbani. "Basi wafungulie hema," alisema. "Wafungulie wote waloe."

*

Mama mdogo alikwenda kesho yake kwenye meza ile ile ya nesi na kusema amejitoa, damu yake isiguswe na mtu, iteketezwe. Nesi aliandika haraka mno, kana kwamba anaogopa mama asije akabadilisha mawazo, na alipomaliza alimshika mkono kwa nguvu. Kamati ya maadili ikapelekewa taarifa. Kabla jua halijakaa sawa, tangi la nitrojeni lilikuwa na kufuli jipya, na maabara nzima imekaa inatazamana. Chupa zingeteketezwa mwisho wa wiki. Bila Mama Mkwe hakuna kupima, na bila kupima hakuna matokeo ya kuwapelekea wafadhili, ambao walikuwa wakiyasubiri.

Profesa alikuja uani mwenyewe. Alikuja peke yake, amevaa viatu vizuri, akaruka madimbwi ya maji ya kuoshea viti. Daktari alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, akaambiwa na mama mdogo kwa jicho moja tu kwamba leo afunge mdomo.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa.

"Marahaba. Karibu kiti. Si hicho, hicho kimezimiwa sigara."

Alikaa. Alimsifu kwa mchango wake mkubwa. Alisema jambo hili limemuumiza. Kisha akafika kwenye kilichomleta: ofisi yake ilikuwa tayari kumpa nafasi ya pekee. Angepata dawa, kwa huruma, nje ya utaratibu. Wiki hii hii. Angepaswa tu kuondoa lile katazo la damu yake.

Kubali, Daktari alisema kimoyomoyo. Kubali, kubali, jamani kubali.

"Mimi peke yangu?" aliuliza mama mdogo.

"Kwa sasa, ndiyo."

"Na wengine mliowarudisha?"

"Hao ni suala la baadaye. Kufuta sharti kuna ngazi zake, mama. Ni miezi. Labda mwaka."

Mama mdogo alikohoa, akatemea kwenye kitambaa, akakikunja vizuri. "Baba, mimi nimefanya biashara na watu wa kila aina, ngoja nikwambie. Ukiniingiza kwa mlango wa nyuma, siku nitakayoumwa kichwa tu mtasema ni virusi, mtanitoa kwa mlango ule ule, na hakuna wa kuuliza. Nikiwa peke yangu nitakuwa mkosi wenu. Tukiwa wengi tutakuwa wagonjwa kama wagonjwa wengine. Futa mstari."

"Mama, huna miezi ya kusubiri."

"Sina. Wewe unayo?"

Profesa aliomba maji, akapewa, akanywa, akaaga.

Geti lilipofungwa tu, Daktari alilipuka. "Una wazimu? Alikuwa anakupa dawa! Alikuja nayo mpaka mlangoni! Nani kakutuma uwe mtetezi wa dunia?"

"Usinipigie kelele uani kwangu."

"Nitapiga! Utakufa kwa ubishi, na mimi ndiye nitakayekuzika!"

"Basi utanizika!" alifoka mama mdogo, na sauti ilimtoka kubwa kuliko pumzi aliyokuwa nayo, ikabidi ajishike kwenye rundo la viti. "Utanizika nikiwa nimewajibu! Mimi sitaki kudondoshewa dawa kama paka anayetupiwa mfupa chini ya meza. Toka hapa nipumzike."

Daktari alitoka. Siku zilizofuata hawakusemezana vizuri. Alikuwa anapeleka supu, anaiweka, anaondoka. Kikohozi kilizidi, na mama mdogo aliacha kuosha viti, akawa anaelekeza tu kwa kidole. Daktari aliwachukia wote: Profesa kwa woga wake, wafadhili kwa umbali wao, mama mdogo kwa kichwa chake kigumu, na yeye mwenyewe kwa kusoma miaka yote hiyo akashindwa kumtibu mtu mmoja.

Na wiki haikuisha.

Wiki haikuisha, nakwambia! Siku moja kabla ya chupa kuteketezwa, ujumbe ulifika kwa wahusika wote. Sharti la virusi limefutwa. Mgonjwa yeyote anayetumia dawa zake ipasavyo anaruhusiwa kuingia kwenye jaribio. Mistari michache tu, na chini yake saini ya Profesa na za wakubwa wake. Vijana wa maabara walipiga makofi, mmoja akamkumbatia Daktari, naye akamsukuma akakimbilia ngazi za dharura, akaketi hapo sakafuni na kulia kwa hasira. Walimwambia haiwezekani. Miaka waliyomwambia haiwezekani! Kumbe ilikuwa kazi ya siku chache, ya watu kukaa na kuandika, na haikufanyika kwa sababu tu hakuna mwenye kiti kule juu aliyekuwa akiumia.

*

Mama mdogo aliondoa katazo la damu yake, akaweka saini ya kuingia kwenye jaribio, akalazwa kwenye kiti kirefu cha chumba cha dripu, karibu na dirisha. Nesi aliitafuta mishipa, akaipata. Dawa ikaanza kudondoka. Ingemfaa, isingemfaa, hilo hakuna aliyelijua, ila sasa ilikuwa inaingia mwilini mwake kama ilivyoingia kwa wengine waliolala pembeni.

"Baridi," alisema. "Mngeipasha moto kidogo."

Daktari alikuwa ameketi kando yake na simu. Nesi alimpa namba za wote aliowarudisha mlangoni tangu jaribio lianze, naye Daktari alikuwa ameapa kuwapigia mwenyewe, asimtume mtu.

Namba ya kwanza ilipokelewa na mwanaume. Daktari alijitambulisha, akamwomba mwenye simu.

"Ni mke wangu," alisema yule mwanaume. "Alishatutoka."

"Pole. Pole sana. Nilikuwa..."

"Mlikuwa mnasemaje?"

"Nilikuwa nataka kumwambia anaweza kuja."

"Sawa," alisema yule mwanaume. "Asante kwa kupiga." Akakata.

Ya pili haikupatikana. Ya tatu alipokea binti, akasema baba alizikwa na namba hii anaitumia yeye, kisha akauliza kama kuna tatizo. Daktari alisema hakuna tatizo. Aliweka simu mapajani.

"Lete nipige mimi," alisema mama mdogo.

"Tulia, una sindano mkononi."

"Basi piga. Usikae."

Alipiga ya nne. Iliita sana. Alikuwa karibu kukata, mara ikapokelewa na sauti nzito ya mwanaume mwenye pumzi fupi. Daktari alisema jina la hospitali, na kabla hajafika mbali yule mwanaume alimkatiza.

"Nyie! Nyie mnathubutu kunipigia mimi? Mliniambia nirudi nyumbani nikajiandae. Nilipanda magari mawili kuja huko, nikakaa tangu asubuhi, mkanipa mgongo. Nimeshawaandikia watoto wosia kwa ajili yenu! Hamna haya? Hamna utu? Na wewe unayeongea, unalipwa kwa kazi gani hasa?"

Sauti ilijaa chumba, hata mgonjwa wa jirani akageuka. Mama mdogo aliinua kichwa kwenye mto kusikiliza. Daktari hakujitetea. Alijifuta pua kwa mkono wa koti, akaisogeza simu sikioni zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze uso wake ulilegea.

"Endelea kututukana, kaka," alisema. "Nakusikia. Ukimaliza uniambie kama una mtu wa kukuleta, au nije kukuchukua mwenyewe."